Zulia la Hariri la Tibet, Sebule ya Gungu: Ligeuze Kwanza

Swali nililotumiwa ni hili, nimelipunguza kidogo:

"Mwidiwe fundi. Niko Gungu, Kigoma. Tumemaliza nyumba mwaka huu. Sebule ni kubwa, marumaru nyeupe, dari la jipsamu lenye taa nyingi, madirisha mawili mapana yanatazama ziwa. Kuna mama wa Kizungu aliyekuwa anafanya kazi na wakimbizi, mkataba wake umekwisha, anauza vitu vya ndani. Ana zulia la futi 5 kwa 8, anasema ni hariri ya Tibet, limefungwa fundo kwa fundo kwa mkono huko Nepal. Anataka milioni 2 na laki 8. Mume wangu anasema kwa hela hiyo tunapata makapeti ya Kituruki ya nyumba nzima na chenji inabaki. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili, na wageni hawatuishi. Je, ni hariri kweli? Na litakaa kwenye nyumba ya kisasa ya huku kwetu, au nitakuwa nimetupa hela ziwani?"

Mwangaluka dada, na hongera kwa nyumba. Shemeji hajakosea hesabu, ila amepanga kwenye mizani vitu visivyopimwa pamoja. Kapeti la Kituruki linalouzwa madukani kwetu limetoka kwenye mashine na nyuzi zake ni za plastiki. Likichakaa unalitoa uani, watoto wanalichezea, yameisha. Zulia la fundo, likiwa ndilo lenyewe, hao watoto wako watatu wanaweza kuja kugombania nani alirithi. Sasa hapo kwenye "likiwa ndilo lenyewe" ndipo pa kuanzia. Kabla ya kuwaza litakaa upande gani wa sebule, rudi kwa huyo mama ukiwa na vitu vitatu kwenye mkoba: futikamba ya fundi cherehani, pini na kiberiti.

Ukifika usianze kulisifia uso. Uso wa zulia umepambwa kama bwana harusi, wasifu wake uko mgongoni. Ligeuze pembe moja, piga magoti, tazama.

Ukikuta kitambaa kimebandikwa nyuma kwa gundi, ujue hapo hapana fundo hata moja. Hilo limedungwa kwa kifaa cha umeme kinachoshikwa kama dreli, kinachopenyeza nyuzi kwenye kitambaa kilichowambwa, kisha nyuma inapakwa gundi ya mpira na kufunikwa kitambaa kingine. Muuzaji akisema limetengenezwa kwa mkono hajadanganya. Mkono ulikuwepo, ila ulikuwa umeshika mashine. Miaka kadhaa ya joto letu ikipita, gundi ile inakauka na kukatikakatika, ukiinua zulia unakuta unga sakafuni kama wa muhogo uliobunguliwa. Hilo kwa milioni 2 na laki 8 aga vizuri, ondoka.

La fundo huna haja ya kuambiwa. Ua lililoko usoni utaliona mgongoni na rangi zake zote, kila fundo kama punje ya ulezi, na mistari imeyumba kidogo hapa na pale kwa sababu aliyeifuma alikuwa mtu. Kama lina matamvua, yatakuwa ni ncha za nyuzi zilezile zinazopita katikati ya zulia zima, hayakushonewa pembeni. Ila mengi ya Nepal ya siku hizi hayana matamvua, ncha zimekunjwa na kushonwa chini, kwa hiyo yakikosekana yasikutishe.

Hapo sasa toa futikamba. Pima inchi moja kwa ulalo na inchi moja kwa wima, hesabu mafundo ukifuata kwa ncha ya pini. Usitegemee macho matupu, yanaruka. Ukipata 10 kwa 10, hilo ni zulia la mafundo 100 kwa inchi ya mraba. Ya Nepal mara nyingi huwa ya 60, 80 au 100, na yapo ya juu zaidi ya hapo. Futi 5 kwa 8 ni inchi 60 kwa 96, yaani inchi za mraba 5,760. Kwa mafundo 100, umepiga magoti mbele ya mafundo 576,000. Hata likiwa la 60 tu, ni mafundo 345,600, na hakuna hata moja lililofungwa na mashine. Wauzaji wanapenda sana kuimba namba hizi. Mimi siziimbi. Zulia nene la sufu la mafundo 60 linaweza kuishi kuliko la hariri la 150. Wingi wa mafundo unakupa ua lenye kona kali na mistari myembamba, hauna dhamana ya uimara. Nakutajia ili akikwambia 100 na wewe umehesabu 60, ujue bei inaanzia wapi kushuka.

Nikueleze namna linavyofumwa, maana ukijua hilo utajua pia namna linavyoharibika. Mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazobeba mafundo, umewambwa wima kwenye fremu, wafumaji wamekaa bega kwa bega mbele yake. Kwa Waajemi na Waturuki kila fundo hufungwa na kukatwa papo hapo. Mtibeti ana njia yake. Analaza nondo nyembamba mbele ya mtande, anauzungusha uzi nyuma ya nyuzi za mtande na kuurudisha juu ya nondo, nyuma tena, juu ya nondo tena, mpaka rangi ibadilike au mstari uishe. Nondo ikishajaa vitanzi kama mkono wa bibi harusi ulivyojaa bangili, anapitisha kisu kwa urefu wake, vitanzi vyote vinafunguka kwa mkupuo na kuwa manyoya. Anapitisha mshindio, uzi wa ulalo wa kuubana mstari, anagonga kwa kitana kizito, anaanza mstari mwingine. Unene wa nondo ndio unaopanga urefu wa manyoya. Zulia likishuka kwenye fremu linaoshwa, linakaushwa likiwa limekazwa lisipinde, kisha fundi wa mkasi anachonga pembezoni mwa maua ili yainuke. Pitisha kidole kwenye mpaka wa rangi mbili, ukikuta kijifereji, ujue mkasi ulipita hapo.

Sasa hariri. Hapa ndipo watu wanapoumia, na mimi niliumia kabla yako. Mwaka wangu wa pili wa ufundi, Dar es Salaam, mteja alituletea zulia linalong'aa kama mgongo wa dagaa mbichi. Aliyemuuzia alimwambia ni hariri, na mimi kwa kiherehere cha ujana nikamwitikia, hariri safi hii. Nikaliosha kwa maji mengi kama nilivyofundishwa kuosha sufu. Lilipokauka lilikuwa gumu kama kanga iliyotiwa wanga, limepiga umanjano, manyoya yamelala kila upande kama paka aliyetumbukia kisimani. Haikuwa hariri. Ilikuwa viskosi, uzi unaotengenezwa kwa kuyeyusha massa ya miti, na ukilowa unapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Deni lile nililipa kwa mshahara wangu miezi saba. Hadi leo nikisikia neno "hariri" mkono wangu unatafuta kiberiti.

Viskosi ina majina mazuri mazuri: hariri ya mianzi, hariri ya mgomba, hariri ya mimea. Mdudu hayumo humo. Hariri ni uzi wa kiwavi anayekula majani ya mforsadi. Anajifunga ndani ya kifuko kwa uzi mmoja mrefu wa mita mia kadhaa, na uzi huo ni protini kama ilivyo nywele yako. Ndiyo maana moto unazitenganisha. Mwombe mwenye mali ruhusa, kwa adabu, uchomoe nyuzi mbili tatu za manyoya kwa pini, pembeni kabisa. Usichomoe tamvua, hilo mara nyingi ni pamba na litakupoteza. Shika nyuzi kwa kibanio cha nywele cha chuma, uziwashe juu ya sahani.

Hariri inaungua kwa kusitasita, inajikunja kuukimbia moto, ukiuondoa moto inataka kuzimika yenyewe. Inanuka kama kuku anapobabuliwa manyoya, na mabaki yake meusi ukiyasugua kwa vidole yanasagika. Sufu inafanya vivyo hivyo, harufu kali zaidi, lakini hizi mbili hutazichanganya: sufu haina mng'ao huo na ni nyepesi kujikunjakunja mkononi. Viskosi inawaka mbio kama karatasi ya daftari, inanuka moshi wa karatasi, inaacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu, harufu yake unaijua, ni ya mfuko wa nailoni jikoni. Akikukatalia nyuzi mbili tu kwenye zulia la milioni 2 na laki 8, mshukuru kwa chai uende zako.

Kuna la kati ambalo huenda ndilo ulilo nalo bila mwenyewe kujua: ardhi ya zulia ni sufu, na maua pekee ndiyo hariri. Kwenye mazulia ya Nepal mchanganyiko huu ni wa kawaida sana. Likiwa hivyo, dada, usisikitike. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili mimi ningelichukua hilo na kuacha la hariri tupu hata kama bei ni moja. Sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Tibet ina mafuta yake ya asili, tone la maji linakaa juu kwanza kabla halijazama, na manyoya yakikanyagwa yanainuka. Hariri ina nguvu ikivutwa, lakini ikikandamizwa inalala, na ikilala hainuki kirahisi. Sufu inabeba watu, hariri inabeba mwanga.

Na kwa asili yake zulia la Kitibeti halikuwa la hariri. Lilikuwa la sufu, juu mpaka mtande. Watibeti walilifuma kwa ajili ya kukalia na kulalia, lile linaloitwa khaden, kama futi 3 kwa 6 hivi, kipimo cha mtu mmoja kujinyoosha. Mengine yakawa ya kuweka chini na juu ya tandiko la farasi. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alipokimbilia India, maelfu kwa maelfu ya Watibeti walivuka milima kumfuata, wengine wakaishia Nepal. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pakafunguliwa kambi na karakana ya ufumaji Jawalakhel, pembeni ya Kathmandu, kwa msaada wa Waswisi, ili watu wale wapate kula kwa kazi ya mikono yao. Ninyi wa Kigoma hamhitaji kuelezwa kambi ni nini, Nyarugusu ipo tangu 1996. Basi zulia hilo unalotaka kununua limezaliwa kwenye kazi ya wakimbizi. Baadaye Ulaya ikalipenda, Ujerumani ikawa mnunuzi mkubwa, wachoraji wa huko wakaanza kuagiza rangi za kupoa na michoro isiyo na joka wala chui, wakaagiza pia hariri, ambayo kwa kawaida hutoka China. Hilo ndilo zulia la Tibet la nyumba za kisasa: ufundi wa Tibet, karakana ya Nepal, uzi wa China, mchoro wa mtu wa Ulaya au Marekani. Na siku hizi wengi wanaolifuma ni Wanepali wenyewe.

Biashara ilivyokua haraka, watoto wadogo wakaingizwa kwenye fremu. Ndipo mwaka 1994 Kailash Satyarthi wa India, yule aliyekuja kupewa Nobeli ya Amani mwaka 2014, alipoanzisha alama ya RugMark, sasa inaitwa GoodWeave, inayowekwa kwenye zulia lililokaguliwa kwamba halikufumwa na mtoto. Tazama mgongoni pembeni kama pana kibandiko chenye jina hilo na namba. Kisipokuwepo si lazima pawe na ubaya, vibandiko hutoka. Kikiwepo, kwangu mimi kina thamani kuliko mafundo 40 ya ziada kwa inchi.

Nimeirefusha historia kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humo. Unauliza kama litakaa kwenye nyumba ya huku kwetu. Zulia lililozaliwa kukaliwa na watu wasiovaa viatu litakaa wapi kama halikukaa kwetu? Wenzetu wengi wa nje wanaingia sebuleni na viatu vya barabarani, halafu wanashangaa hariri imekufa. Kwako viatu vinaishia barazani. Hiyo pekee imekwisha kuliongezea zulia miaka. Kosa letu sisi ni jingine: tukipata kitu cha thamani tunakitandaza katikati ya sebule, tunakizungushia makochi sita, juu yake meza ya kioo, kisha tunawakataza watoto kupita. Linabaki kuwa uwanja wa kupitia wageni. Zulia la Tibet lichukulie kama jamvi la heshima. Watu wakae juu yake, wajinyooshe, mama mkwe apumzikie hapo mchana. Kukaliwa hakuliui. Linauawa na njia, ile ya kutoka mlangoni kwenda jikoni, miguu inapopita palepale kila siku. Kwa hiyo chora akilini njia za watu katika sebule yako, kisha liweke pale njia hazipiti. Mara nyingi inakuwa kona yenye mito ya sakafuni, au chumba cha kulala upande wa miguu ya kitanda. La ukubwa wa futi 5 kwa 8 usilisukumie chini ya makochi mazito, miguu ya kochi inaacha mashimo kwenye hariri ambayo hutayafuta. Liache peke yake, mzunguko wa marumaru uonekane pande zote.

Kabla hujaamua, lizungushe. Manyoya yote ya zulia la fundo yamelalia upande mmoja, na uzi wa hariri ukikatwa kati una pembe tatu kama kioo cha kupasulia mwanga. Ukisimama upande mmoja utaliona jeupe linameta, ukizunguka upande wa pili limekuwa jeusi limezama, kana kwamba mtu amelibadilisha ulipopepesa macho. Siyo kasoro, ndiyo tabia yake. Mimi hupenda mlangoni lionekane la giza na kwenye kiti lionekane la nuru, wengine hutaka kinyume. Na hizo taa za jipsamu, nakushauri nusu yake uzizime jioni. Hariri chini ya taa kumi na mbili za moja kwa moja inaonyesha kila unyayo na kila kidole. Taa moja ya pembeni, ya mwanga wa njano, inatosha kuliamsha.

Jua ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Madirisha yanayotazama ziwa kwenu yanatazama magharibi, na kuanzia saa tisa mpaka jua lizame nyuma ya milima ya Kongo, miale inaingia ndani imelala, inafika mpaka ukuta wa pili. Ni mandhari nzuri kweli, najua, ndiyo sababu mkayafanya mapana. Lakini hariri ni dhaifu mbele ya jua kuliko sufu na pamba. Rangi inapauka kwanza, kisha uzi wenyewe unakuwa kama uzi wa buibui uliokauka, unaugusa unakatika. Shona pazia jepesi jeupe nyuma ya lile zito, lishushwe saa nane, na kila miezi minne zungusha zulia nusu duara ili kama kupauka lipauke sawia.

Chini yake weka wavu wa mpira wenye matundu, vinginevyo kwenye marumaru litateleza na mtoto atakwenda nalo. Nyumba ni mpya, saruji ya chini huenda bado inatoa unyevu. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, zulia lisubiri, maana ukungu wa masika utaanzia mgongoni na hutauona mpaka unuke.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja na ninaomba usinikasirikie. Siku mnayokula chini, ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese, zulia likunjwe kama mkeka liegemee ukutani, mtandike jamvi la kawaida. Hata mimi nisingethubutu. Tone la mawese likidondoka na wewe uko karibu, usisugue. Lichote kwa ukingo wa kijiko, mwagia unga wa mahindi laini au wanga, acha unga unyonye mafuta mpaka asubuhi, kisha uuvute kwa mashine ya kuvuta vumbi. Rudia mara mbili, tatu. Litabaki doa la rangi ya chungwa. Akina mama wa Ujiji wanajua kwamba rangi ya mawese huuawa na jua, nguo wanaianika na doa linafifia, lakini kwa hariri dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Acha mwanga wa kawaida wa chumbani ufanye kazi yake pole pole.

Mkojo wa mtoto ni haraka. Kitambaa cheupe cha pamba, kandamiza, badilisha kitambaa, kandamiza tena, kisha maji baridi kidogo sana yaliyotiwa siki kijiko kimoja kwa kikombe, kandamiza, washa feni juu na nyuma mpaka pakauke kabisa. Mkojo unavyokaa ndivyo unavyogeuka kuwa mkali na kula rangi. Na kabla ya maji yoyote, jaribu kwanza pembeni: bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye rangi nyekundu na ya buluu, ukiona kitambaa kimeshika rangi, usiendelee.

Jiki isikaribie. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nawachukulia kikombe, natia jiki, natumbukiza uzi mmoja wa hariri halisi na mwingine wa pamba. Tunakunywa kahawa. Tukirudi kutazama, wa pamba umo mweupe pe, wa hariri umekwisha, umeyeyuka, kikombeni hamna kitu. Na sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai haitofautishi yai na hariri, kwake yote ni protini. Ikibidi sabuni, iwe shampuu laini ya nywele, tone moja.

Vumbi lenu jekundu la kiangazi, Juni mpaka Septemba, usilitoe kwa kulitundika zulia kwenye uzio na kulicharaza fimbo. Fimbo inakata mtande. Lilaze kifudifudi kwenye marumaru safi, pitisha mashine ya kuvuta vumbi mgongoni, libebe, ufagie mchanga ulioanguka, urudie mpaka mchanga uishe. Usoni pitisha mashine isiyo na brashi inayozunguka, kwa kufuata manyoya yanakolalia.

Wadudu ni watatu wa kuogopa. Mchwa wa Kigoma hata huku Tabora tunawajua, wao wanafuata pamba ya mtande, wanapanda kwenye ufa wa marumaru na kula toka chini huku juu kunameta. Na yuko nondo, huyu mwenye mabawa, si ile nondo ya kufumia niliyokutajia. Mtoto wake anakula sufu penye giza pasipoguswa, na hariri huandamwa zaidi na mende wadogo wa mazulia. Wote wanachukia kubughudhiwa. Inua zulia kila mwezi, geuza pembe zote, safisha chini. Mkisafiri muda mrefu, likunje kwa kuviringisha, lifunge kwa shuka la pamba. Nailoni hapana, litatoa jasho.

Nirudi kwenye bei, maana ndipo shemeji anaposubiri. Likiwa ni hariri tupu, mafundo 100, mgongo mzima, halina harufu ya ukungu wala sehemu iliyopauka, milioni 2 na laki 8 kwa ukubwa huo si bei ya kuonewa. Anayehama ana haraka, kwa hiyo anza na milioni 2. Likiwa sufu yenye maua ya hariri, mimi ningesimama kwenye milioni 1 na nusu na ningelala vizuri. Likiwa viskosi, hata kama lina fundo halali, usipite laki 3, na ujue kwamba siku maji yakilipata hakuna fundi wa kulirudisha, mimi nikiwemo.

Ukishachoma uzi, nipigie picha mbili: mgongo ukiwa na futikamba juu yake, na jivu kwenye sahani nyeupe. Nitumie kabla hujatoa hela. Mkikubaliana, siku ya kulichukua nenda na mtu wa pili na shuka kubwa. Mliviringishe manyoya yakiwa ndani, na msikubali dereva wa bajaji alikunje katikati ili liingie. Bora lichukue kiti chote cha nyuma, wewe upande bodaboda.